Ukimya wa Sekunde Nne

Watu walimwita Sindano, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya santuri: kubadili mikanda ya mpira iliyolegea, kulehemu waya, kusawazisha ule mkono mwembamba unaopita juu ya santuri, na zaidi ya yote kupachika sindano mpya, kazi inayotaka macho makali na pumzi iliyotulia. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo unaotazama barabarani, meza ndefu, na rafu tatu za mitambo iliyowangoja wenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, hana mume, hana papara. Wateja walisema ukimpelekea mtambo uliokufa atakurudishia ukiwa mzima, ila kwanza atakusema vizuri kwa kuuanika juani.

Lakini vijana wapenda muziki hawakuja dukani kwa sababu ya mikono yake tu. Walikuja kumwona dada wa mtu aliyetengeneza "Sakafu".

Miaka ishirini na saba iliyopita, kaka yake, ambaye ndiye ndugu yake pekee, alitengeneza wimbo wa dramu na besi chumbani kwake nyumbani, kwa mashine za kuazima. Zikachapwa santuri mia tano, zenye jalada jeupe lisilo na picha. Upande wa pili ulikuwa na wimbo mwingine ambao hata washabiki wakubwa hawaukumbuki. Lakini "Sakafu" haikuzeeka. Dramu zake zilikwenda mbio kama mvua ya mawe juu ya bati, na chini yake besi ilitembea taratibu, nzito, mpaka vikombe vikatetema kabatini. Kisha katikati, pale ambapo mtu hategemei, kila kitu kilikatika. Sekunde nne za ukimya. Halafu besi ilirudi peke yake, na hapo ndipo watu waliozaliwa baada ya wimbo wenyewe wanapopiga mayowe kumbini mpaka leo.

Kaka hakutengeneza wimbo mwingine baada ya hapo. Mama yao alifariki siku zile zile kaka alipokuwa akiimalizia "Sakafu", na baada ya mazishi kaka alirudisha mashine kwa wenyewe, akaenda kuajiriwa kwenye kinu cha kusaga nafaka. Watu walisema msiba umemkata mikono. Sindano naye aliamini hivyo, na hakuwahi kumchokonoa.

Jumanne moja asubuhi aliingia msichana mmoja mwenye miwani mikubwa na mfuko wa kitambaa begani. Alisema anatoka kampuni ndogo ya muziki inayotaka kuichapa upya "Sakafu". Mkanda wa kwanza wa kurekodia haukujulikana ulikokwenda, kwa hiyo walihitaji santuri iliyo safi wainakili.

"Naambiwa wewe unayo moja ambayo haijawahi kuchezwa," alisema.

"Ninazo mbili. Moja huwa naicheza mara moja moja. Nyingine sijaigusa."

"Mama, hiyo ndiyo tunayoitaka." Msichana alifungua mfuko wake akatoa santuri ya kwake, jalada lote gundi na viraka. "Yangu hii nilirithi kwa dijei mmoja. Imechezwa mpaka imechoka. Tuanze na ile unayoicheza, nisikie tofauti."

Sindano aliiweka juu ya mtambo, akashusha mkono. Walisikiliza wamesimama, msichana akitikisa kichwa. Dramu zikaja, besi ikaja, vikombe vikaanza kulalamika kwenye trei. Kisha kimya.

Msichana aligeuka kutazama mlango. Sindano naye aligeuka. Nje ya kioo kulikuwa na barabara na jua, basi.

Besi iliporudi msichana alicheka. "Umeona? Hata wewe."

"Hata mimi nini?"

"Umegeuka. Wote hugeuka, mama. Ukumbini watu mia tatu, muziki ukikatika, vichwa vyote vinaelekea mlangoni. Mara ya kwanza nilidhani polisi wameingia."

"Labda ni mazoea."

"Mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza ana mazoea gani? Ndiyo maana wimbo huu haufi. Nyimbo nyingine za wakati ule zina dramu kali kuliko hizi, lakini nani anazikumbuka? Watu wanarudi kwa ajili ya sekunde nne zile. Kaka yako alifanyaje?"

"Hajawahi kuniambia," alisema Sindano. Akaongeza, kwa kuwa ilikuwa kweli, "Sijawahi kumwuliza."

Msichana aliiacha ile santuri yake chakavu ili zilinganishwe, akasema atapita tena baada ya wiki. Fundi wao, alisema, ana mashine ya kusafisha sauti. Hata ule ukimya atausafisha ung'ae.

Alipoondoka, Sindano hakurudi kwenye kazi ya wateja. Jambo lilikuwa limemkera. Kweli alikuwa amegeuka, na akijikumbuka vizuri, aligeuka kila mara, miaka yote hii, hata akiwa peke yake. Alivaa hedifoni, akafungulia sauti ya amplifaya mpaka mwisho, akaishusha sindano mahali penyewe, sekunde chache kabla ya kimya.

Kwanza alisikia mvumo wa mkanda, kama unavyosikika mkanda wowote. Chini ya mvumo kulikuwa na kitu kingine. Ta, kisha shwaa. Ta, shwaa. Mtu anatembea na kandambili za mpira, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburuzika. Alihesabu hatua nne, na besi ikampiga masikioni kwa nguvu hata akang'oa hedifoni.

Mama yake alipata kiharusi miaka miwili kabla ya kufa, na tangu hapo mguu wa kushoto aliuburuza. Sindano alilala miaka miwili akisikia mwendo ule ukienda na kurudi kwenye ukumbi wa nyumba yao. Asingeweza kuuchanganya na wa mtu mwingine duniani.

Alirudia. Safari hii hatua zilikuwa tano.

Alijiambia amehesabu vibaya mara ya kwanza. Akaitoa santuri yake, akaweka ile chakavu ya msichana. Mikwaruzo ilijaa kama vifuu vinavyopasuka, lakini kimya kilipofika hatua zilikuwa wazi, karibu mno, kana kwamba mtu yuko upande wa pili wa ukuta wa duka. Tisa. Baada ya ile ya tisa, kitasa kilishushwa. Kikakwama. Kikashushwa tena.

Alichukua saa ya mkononi akapima. Sekunde nne, si zaidi. Hatua tisa za mama aliyepooza haziwezi kuenea ndani ya sekunde nne. Hesabu haikukubali hata kidogo, na bado masikio yake yalikuwa yamezisikia zote, moja moja, bila haraka.

Ilibaki santuri isiyoguswa. Aliitoa kabatini, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, akasita sana. Mwishowe alipiga moyo konde akaishusha sindano. Hapakuwa na hatua. Palikuwa na pumzi ya mtu aliyelala, ndefu, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, na karibu na sekunde ya nne kitanda kililia, kama mtu anayeanza kujigeuza. Sindano aliinua mkono wa mtambo haraka na kwa upole, kama mtu aliyefungua chumba cha mgonjwa akamkuta amesinzia. Aliirudisha jaladani.

Alilielewa jambo lenyewe, ijapokuwa hakutaka kulielewa. Kadiri santuri ilivyochezwa, ndivyo mama alivyosogea.

Kesho yake saa sita mchana alikwenda kinuni. Mashine zilikuwa zikinguruma mpaka ardhi ikatetemeka, na kaka yake, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu, alikuwa akifunga mdomo wa gunia. Miaka ishirini na saba alikuwa ndani ya kelele ile. Alikuwa amezoea kusema kwa sauti ya juu hata msibani.

"Mdogo wangu," alipaza sauti, "nani kaumwa?"

"Hakuna. Nataka tuongee."

Mashine zilizimwa kwa chakula cha mchana. Ukimya ulipoingia, kaka alipapasa mfuko wa koti, akatoa redio ndogo akaiwasha papo hapo. Walikwenda kukaa nyuma, juu ya magunia matupu. Sindano aliichukua ile redio mkononi mwake akaizima.

"Mama alifia wapi?"

"Swali gani hilo? Kitandani. Usingizini. Si unajua?"

"Najua ulivyotuambia. Nakuuliza alifia wapi."

Kaka alimtazama, kisha akaitazama redio. "Umesikia nini?"

"Nimemsikia anatembea."

Unga ulikuwa umeshikana na jasho usoni mwake, na ulipasuka kidogo kando ya mdomo alipoanza kusema. Alisema kwa sauti ndogo ambayo Sindano hakuwa ameisikia tangu wakiwa vijana.

"Nilitaka kimya cha kuweka katikati ya wimbo. Mkanda mtupu ulikuwa na ukimya wa kufa, haukunipendeza. Nikaona nirekodi ukimya wa nyumba yenyewe. Wewe ulikuwa kwenye mtihani, mama mdogo alikuwa amekuja kufanya usafi akaondoka, mama amelala. Nikaacha maikrofoni wazi, nimevaa hedifoni. Nikapata ukimya mzuri, dakika nzima. Sikuzima, nikasema niongeze kidogo. Ndipo nikamsikia anaamka."

"Ukamsikia."

"Kwenye hedifoni unasikia kila kitu. Nilisikia kandambili. Nikajua anakuja kunikemea, si unakumbuka kila siku alikuwa anakuja, punguza kelele, punguza kelele. Na siku hiyo hata kelele sikuwa napiga." Alikunja pembe ya gunia alilokalia. "Nilifunga mlango kwa ufunguo."

Sindano aliiweka ile redio juu ya gunia.

"Alishusha kitasa. Akashusha tena. Hakuniita. Laiti angeniita, ningefungua. Nilikaa pale nikingoja aondoke, na sikusikia akiondoka, nikadhani amesimama tu, amekasirika. Nikarudi kwenye kazi, nikawasha dramu. Nilipofungua baadaye, alikuwa amekaa chini, ameegemea mlango. Akaniangukia miguuni." Alifuta uso kwa kiganja, unga ukageuka uji. "Nilimbeba nikamlaza. Nikamfunika. Mlipokuja nikasema kafia usingizini."

"Na ukaweka hatua zake kwenye wimbo?"

"Hapana." Alisema haraka. "Mdogo wangu, hapana. Hizo nilizifuta kwa mkono wangu, na mkanda nikauchoma. Nilitumia ukimya wa mwanzo, kabla hajaamka. Kwenye santuri hakuna hatua. Haziwezi kuwepo."

Sindano alisimama akakung'uta nguo. Alikuwa na hasira ya aina ambayo haina pa kwenda. Alitaka kumpiga, na alitaka kumshika mkono, akashindwa yote mawili. "Jumapili alasiri utakuja dukani," alisema. "Usipokuja nitaicheza peke yangu, na atakapofika mlangoni, atakayemfungulia nitakuwa mimi, si wewe."

Alikuja. Alikuwa ameoga, amevaa shati la kutokea, na bila unga alionekana mzee kuliko umri wake. Barabara ilikuwa tulivu, maduka ya jirani yamefungwa. Sindano alimweka kwenye kiti karibu na meza, uso ukitazama mlango wa kioo, akafunga mlango kwa komeo kwa sababu kaka mwenyewe aliomba ufungwe. Hakumpa hedifoni. Aliunganisha spika kubwa, akaweka santuri ya msichana, akaongeza sauti.

Dramu zilipoanza kaka alifumba macho. Vidole vyake vilianza kugonga goti bila yeye kujua, vikigonga mahali penyewe hasa, na kwa muda mfupi Sindano alimwona kijana aliyemjua. Kisha muziki ukakatika.

Hatua zilikuja. Zilijaa chumba. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Kaka alifumbua macho. Kupitia kioo barabara ilionekana yote, nyeupe kwa jua, haina mtu, na bado hatua zilikuwa zikikaribia kutoka upande ule. Tisa. Kitasa kilishuka. Sindano alikiona kikishuka: kitasa cha mlango wa duka lake, cha chuma, chenye kutu pembeni, kikaenda chini taratibu, kikarudi juu.

Kaka aliinuka. Alishika ukingo wa meza, akaenda. Kitasa kilikuwa kinashuka mara ya pili alipoondoa komeo na kuuvuta mlango mpaka mwisho.

"Pita, mama," alisema.

Hakuna aliyekuwepo. Hewa ya joto iliingia na vumbi kidogo. Besi haikurudi. Santuri ilikuwa inazunguka, sindano iko mferejini, na besi ambayo ingepaswa kuwa imeshapiga haikupiga. Badala yake waliusikia mwendo ule, sasa si kwenye spika, bali juu ya saruji ya duka. Ulimpita kaka mlangoni. Ulipita kando ya Sindano, karibu kiasi kwamba alijibana kwenye rafu kupisha. Ukaishia penye kiti, na kiti kikalia kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mwenye uzito wa wastani, aliyechoka.

Ndipo besi iliporudi.

Walisimama wote wawili mpaka wimbo ukaisha. Hakuna aliyekisogelea kile kiti. Sindano alipouinua mkono wa mtambo, kiti kilikuwa kiti.

Aliicheza tena. Kaka aliomba asiicheze, akaicheza. Sekunde nne zilipita na mvumo wa mkanda tu, na wote wawili hawakugeuka.

"Amekwenda," alisema kaka.

"Kwenye hii," alisema Sindano.

Ilimchukua kaka muda kuelewa, na alipoelewa alikaa chini sakafuni. Zilikuwa mia tano. Ziko vyumbani mwa watu, kwenye masanduku ya madijei, chini ya vitanda, nyingine hatua mbili, nyingine saba, nyingine mama ameshika kitasa. Alisema wazikusanye zote. Sindano alimwuliza atazikusanyaje. Kisha kaka alitaka walau kuivunja ile isiyochezwa, akanyoosha mkono kabisa, naye Sindano akaikumbatia kifuani.

"Humu bado amelala," alisema. "Humu bado ni mzima. Hutaigusa."

Msichana wa kampuni aliporudi, Sindano alimrudishia santuri aliyoileta mwenyewe, ile chakavu. Msichana alidhani ni utani. Alieleza habari ya mikwaruzo, ya wateja, ya fundi na mashine yake. Sindano alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia ni hiyo au hakuna, tena ukimya usiguswe. Kaka alitia sahihi barua ya ruhusa. Miezi michache baadaye msichana alipita kuleta nakala mpya, akasimulia bila kuulizwa. Watu wanaipenda, alisema, ila ukumbini hawageuki tena. Muziki ukikatika husogea kando, kila mmoja nusu hatua, mpaka katikati panabaki uwazi wa kumtosha mtu mmoja. Hawajui kwa nini. Na hakuna anayeingia pale mpaka besi irudi.

Kuhusu kusamehe, Sindano hakuweza kusema kama alimsamehe kaka yake. Kulikuwa na siku alizoweza na siku alizoshindwa. Alichokishikilia ni kwamba mama mdogo lazima aambiwe, kwa sababu ndiye aliyebaki katika wakubwa wao, na kaka ndiye atakayesema.

Walimkuta mama mdogo barazani, akianua nguo na kuzirundika kwenye beseni. Aliwakaribisha, akawatafutia viti, akalalamika kidogo kwamba wamekonda. Kaka alisema yote akiwa amesimama. Hakuacha ufunguo, hakuacha kitasa. Habari ya santuri hakuitaja. Alitaja siku ile tu. Alipomaliza, mama mdogo alikuwa ameshika shuka, amelitazama kana kwamba anatafuta doa.

"Asubuhi ile niliipaka dawa nyekundu ya kung'arisha sakafu ya ukumbi wenu," alisema. "Nilipoondoka ilikuwa bado mbichi, nikamwambia dada asitoke kitandani mpaka ikauke. Jioni mkaniita. Nikamwosha mimi, mwanangu. Dawa ilikuwa imepanda kwenye kandambili, na nyayo zake zilikuwa nyekundu."

Kaka aliitazama sakafu ya baraza.

"Nikazisugua mpaka zikatakata. Wenzangu waliponiuliza nasugua nini, nikasema hina ya zamani."

"Miaka yote hii," alisema Sindano. "Kwa nini hukusema?"

"Kumwambia nani? Siku hiyo nilikuwa nimepoteza mmoja. Nilimwona huyu alivyokuwa amekaa, nikajua nikisema neno nitampoteza wa pili." Aliligeuza shuka mikononi. "Nikasema nitangoja aje mwenyewe. Sikudhani nitangoja hivi."

Alilikunjua shuka, akamtupia kaka ncha mbili.

"Shika huko," alisema. "Livute, lisiburuzike chini."

Kaka alilishika. Walirudi nyuma wote wawili, wakalinyoosha, wakakunja, wakasogeleana kukutanisha ncha.